Niliacha kumrudisha binti yangu kupimwa masikio. Wewe usiache

Wiki iliyopita nilipata habari mbili ndani ya siku mbili, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Ya kwanza ni ripoti. Kitinda mimba wangu, ambaye sasa ana miaka 5, alifanyiwa tathmini na mtaalamu wa lugha na usemi anayemfuatilia. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, karatasi ile ilisema msamiati wake na namna anavyopanga sentensi viko sawa na vya watoto wa rika lake. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kisha nikamwita yeye mwenyewe nikamsomea, ingawa nusu ya maneno hakuyaelewa. Nilitaka ayasikie. Ndiyo, ayasikie.

Ya pili ni ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayesoma makala zangu, ambaye mwanawe, kama binti yangu, alizaliwa na kirusi kiitwacho CMV. Aliandika: "Dada, habari za siku. Mwanangu ana miezi 8. Alizaliwa na CMV lakini hakuwa na dalili hata moja, na kipimo cha masikio alipozaliwa alikipita vizuri. Tumepewa miadi ya kurudi mwezi ujao. Baba yake anasema mtoto ni mzima, tutapoteza siku ya kazi bure. Wewe unaonaje?"

Nilimjibu usiku uleule kwa mistari mitatu. Lakini mistari mitatu haikuutua mzigo niliokuwa nao kifuani, kwa sababu swali lake ndilo nililojiuliza mimi miaka minne iliyopita, nikajijibu vibaya. Kwa hiyo leo nasimulia yote.

Nilikuwa na mimba ya wiki kama 10 niliposhikwa na uchovu na kihoma cha siku tatu. Sikukitilia maanani. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 2, ndiyo kwanza ameanza kwenda kituo cha kulelea watoto wadogo, na kila wiki alirudi na mafua mapya. Mimi ni mama kama wewe. Namfuta kamasi, nambusu mdomoni, chakula akikiacha nakimalizia kwa kijiko chake, nepi nambadilisha kisha nafuta mikono kwenye kanga ninayoivaa. Nani angeniambia kwamba humo ndimo hatari ilimokuwa imekaa?

CMV, au saitomegalovirusi kwa jina lake refu, ni kirusi kinachokaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo kwa miezi mingi, hata miaka, bila wao kuonekana wagonjwa. Watu wazima wengi wanacho na hawajui, kwani mtu mwenye afya kikimwingia hupata mafua kidogo au asipate chochote. Shida inaanza kinapomwingia mjamzito. Akiwa anaambukizwa kwa mara ya kwanza maishani, kwa makadirio mimba moja katika kila tatu kirusi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Na kikivuka katika miezi mitatu ya mwanzo, wakati ubongo na masikio ndiyo vinatengenezwa, madhara ndipo yanapokuwa makubwa zaidi.

Katika miadi yote ya kliniki niliyohudhuria niliambiwa mengi ya maana, na nayashukuru. Sikuambiwa hata mara moja kwamba nioshe mikono kwa sabuni kila nikibadilisha nepi, nisitumie kijiko kimoja na mwanangu, nimbusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni. Mambo matatu yasiyogharimu chochote. Hili bado linaniuma, siwezi kuficha. Basi wewe mwenye mimba na mtoto mdogo nyumbani, umeshaambiwa. Osha mikono. Kijiko chako kiwe chako.

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa imetimia, mdogo kidogo kwa uzito, mwenye vidoa vyekundu kama alama za ncha ya kalamu kifuani na tumboni, na umanjano uliokataa kuisha. Tuliambiwa tusubiri. Siku ya tisa daktari mmoja kijana, ambaye hakuwa hata daktari wetu wa kawaida, alimtazama akanyamaza, kisha akasema, "Mama, mimi ningependa tuupime mkojo wake leo, si kesho." Daktari huyu namwombea kila siku. Sababu ya kusema leo niliielewa baadaye: ili kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa na CMV, mkojo au mate lazima yapimwe ndani ya siku 21 za mwanzo. Siku hizo zikishapita, kirusi hata kikionekana huwezi kujua kama alikipata tumboni au alikipata baada ya kuzaliwa, pengine kupitia maziwa ya mama. Ndiyo maana wakipima mate husubiri zaidi ya saa moja tangu mtoto anyonye, na majibu yakionyesha kirusi huyathibitisha kwa mkojo.

Majibu yalionyesha kipo. Altrasaundi ya kichwa ikaonyesha vidoa vichache vya chokaa kwenye ubongo. Macho yakawa salama. Masikio yakapimwa yote mawili, akapita.

Hapo kwenye kupita masikio ndipo nilipojifungia mlango mwenyewe.

Sitawachosha na miezi 6 ya dawa. Inaitwa valganciclovir, hupewa watoto waliozaliwa na dalili kama wangu, ni ya maji, mara mbili kwa siku, na inatakiwa ianze ndani ya mwezi wa kwanza. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa tena na tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto waliotumia miezi 6 walikuwa na hali nzuri zaidi ya usikivu na lugha walipofika miaka 2 kuliko waliotumia wiki 6. Faida ilikuwepo, ila haikuwa kubwa. Hilo neno la mwisho daktari alinieleza waziwazi na mimi sikulisikia. Nilisikia "faida" tu.

Dawa zilipoisha, masikio yakapimwa tena, safi. Nilitoka pale nikiwa nimejaa furaha. Niliwapigia simu ndugu wote nikawaambia tumemaliza. Wifi yangu aliyekuwa ameniuliza nilifanya nini hadi mtoto akazaliwa na ugonjwa, huyo ndiye niliyempigia wa kwanza. Nilitaka kushinda, na nikaona nimeshinda. Karatasi ya miadi ilisema turudi baada ya miezi mitatu. Niliibandika ukutani. Nilikuwa nimerudi kazini, kifungua mimba anaumwa, siku ikapita. Nikasema nitapanga nyingine. Ukipima uzito wa jambo kwa namna mtoto anavyocheka na kunona, utaona hakuna haja ya haraka.

Nilikaa mwaka mzima bila kurudi.

Katika mwaka huo dalili zilikuwepo, zimenikalia mbele ya macho. Alikaa bila kushikwa alipofika miezi 10. Alitembea akiwa na miezi 19. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufuatilia watoto wenye afya wa nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba karibu wote huwa wanakaa wenyewe kabla ya miezi 9 na siku chache, na kutembea wenyewe kabla ya kutimiza miezi 18. Mimi nilisema ni mvivu, kama alivyokuwa baba yake. Taa zikizimwa usiku alikuwa anaanguka hatua mbili tu kutoka kitandani, nikasema anaogopa giza. Kumbe sikio la ndani halina kazi ya kusikia tu, ndilo pia linaloshika mizani ya mwili, na CMV hupenda kuharibu huko. Mtoto wangu alikuwa anatembea kwa kuegemea macho yake. Ukimzimia taa umemnyang'anya fimbo.

Sasa nije kwenye kipimo changu cha nyumbani, kwa maana najua wengi wenu mnakifanya. Nilikuwa nasimama nyuma yake nagonga kijiko kwenye sahani. Anageuka. Napiga makofi, anageuka. Namwita jina, anageuka. Baba yake tulimwita aje aone, tukacheka kwa raha. Nilikifanya kipimo kile pengine mara hamsini, na katika mara zote hamsini sikuona jambo lililokuwa wazi kuliko yote: siku zote aligeuka upande wa kushoto. Ningesimama kulia kwake, angegeuka kushoto. Sikio moja lilikuwa linafanya kazi ya mawili, na lenyewe lilikuwa limeshaanza kuchoka.

Kipimo cha sahani hakipimi masikio, mama mwenzangu. Mtoto mwenye sikio moja zuri atageuka. Mtoto anayeona kivuli chako atageuka. Mtoto anayehisi sakafu ikitetemeka atageuka. Atakudanganya bila kukusudia, na wewe utadanganyika kwa sababu unataka.

Alipokuwa na miezi 14 nilipata wasiwasi kidogo, nikamuuliza mhudumu mmoja wa afya tuliyemkuta tulipokwenda kwa ajili ya chanjo. Nilimwambia mtoto alikuwa na maneno mawili, sasa amebaki na moja. Alinijibu, "Mama, wewe una wasiwasi wa kupitiliza. Watoto hawalingani." Nilimshukuru! Nilitoka pale nimefarijika. Nimemkasirikia mtu yule miaka mingi, lakini nikiwa mkweli, kile ndicho nilichokwenda kukitafuta. Sikumwambia kwamba mtoto alizaliwa na CMV. Neno lile nilikuwa nimeshaacha kulitamka.

Akiwa na miezi 20 mwalimu wa kituo chake ndiye aliyeniita pembeni. Alisema, kwa upole sana, kwamba binti yangu huitika pale tu anapoona uso wa mtu. Wiki ile tukarudi. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, la kushoto limepungua kiasi cha kukosa sauti nyororo zote za maneno. Daktari wa masikio hakunigombeza. Alifungua faili, akatazama tarehe ya mwisho, akatazama ya siku ile, akafunga. Ningependa angenigombeza.

Nikamuuliza, inawezekanaje mtoto apite vipimo viwili kisha apoteze usikivu? Akanieleza kwamba kirusi hiki ni cha jamaa ya herpes, na jamaa hiyo ikishaingia mwilini haitoki. Mtoto anaweza kuzaliwa anasikia vizuri, na masikio yakaanza kushuka miezi au miaka baadaye. Kipimo cha siku ya kuzaliwa kinaeleza habari za siku hiyo tu.

Na hapa, dada uliyeniandikia, soma taratibu. Duniani, kwa makadirio, karibu mtoto mmoja katika kila 200 huzaliwa na CMV. Kati ya kila kumi wanaozaliwa nayo, karibu tisa hawana dalili yoyote, kama mwanao. Wengi wa hao watakuwa salama, na namwombea wako awe miongoni mwao. Lakini katika kila 100 wasio na dalili, kama 10 hadi 15 huja kupata shida baadaye, na shida kubwa ni masikio. Wale wenye dalili kama wangu, karibu nusu. Hakuna anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua yuko kundi gani. Hata baba yake hawezi, kwa heshima zote. Kinachojua ni kipimo, na ni lazima kirudiwe.

Si CMV peke yake. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, aliona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho, akauliza, akakuta mama zao waliugua rubella mwanzoni mwa ujauzito. Alianza na macho kwa kuwa yalikuwa yanaonekana. Uziwi wa watoto walewale ulikuja kutambulika baadaye, walipofikia umri wa kusema wakawa hawasemi. Mwaka 2016, wakati wa mlipuko wa kirusi cha Zika, madaktari waliandika habari za watoto 13 huko Brazil ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito: walizaliwa na vichwa vya ukubwa wa kawaida, kisha 11 kati yao vichwa vikaacha kukua inavyotakiwa. Nikisoma habari hizi huwa nawaza mama zao. Huenda baadhi yao siku ya kuzaliwa waliambiwa mtoto yuko sawa. Na kwa macho, siku ile alionekana sawa.

Basi nini cha kufanya? Rudi kupima. Ndugu zangu, ushauri wangu wote umo humo. Madaktari wengi hutaka masikio ya watoto hawa yapimwe kila baada ya miezi kama sita katika miaka ya mwanzo, mara nyingi zaidi ikiwa kuna tatizo, kisha kila mwaka hadi wafike umri wa shule. Macho yatazamwe. Mzingo wa kichwa upimwe na uandikwe kwenye kadi, si kukadiriwa. Na popote unapompeleka, hata kama ni kwa kikohozi, anza kwa kusema: mtoto huyu alizaliwa na CMV. Liseme hata kama linakukereketa kooni. Mimi nililimeza, akalilipia yeye.

Usisubiri aongee ndipo ujue kama anasikia. Neno analokosa kulisikia leo ndilo asiloweza kulisema mwakani. Wataalamu wana kanuni ya miezi: masikio ya mtoto mchanga yapimwe kabla ya mwezi 1, tatizo likiwepo lithibitishwe kabla ya miezi 3, asaidiwe kabla ya miezi 6. Kanuni hiyo ni ya wale ambao tatizo limeonekana mapema. Wetu linaweza kuja kimyakimya akiwa na mwaka na nusu, kwa hiyo saa yetu sisi inaanza upya kila miadi.

Na ukikuta limeshatokea, usikae unalia miezi. Mimi nililia wiki mbili na naziona nyingi. Binti yangu alivishwa shime sikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, la kushoto likamfaa tangu siku ya kwanza. La kulia halikufaa kitu. Tukajifunza lugha ya alama nyumbani, wote wanne. Wapo walioniambia alama zitamfanya mvivu wa kusema. Si kweli, na kwa binti yangu ilikuwa kinyume: neno alilolijua kwa mkono lilifuata kwa mdomo. Tulikuwa tunakaa upande wake wa kushoto mezani, kitandani, garini. Kila kitu tulikitaja jina. Kila kitu. Kuna siku nilimaliza siku nzima nimeongea hadi sauti ikakauka, na yeye ananitazama midomo tu. Nina haki ya kujivunia ripoti ile ya wiki iliyopita, na ninajivunia.

Lakini najua pia mwaka ule niliouacha upite ungekuwa mwaka wake wa maneno. Mtaalamu ameniambia nisiuhesabu. Nauhesabu.

Juzi nilikuwa napita nje ya chumba chao usiku. Alikuwa amevua kifaa chake, amekiweka kwenye kikasha mwenyewe, na kaka yake anamsimulia hadithi gizani huku amewasha tochi akimulika midomo yake ili dada yake aione. Hakuna aliyemfundisha. Nilisimama pale mpaka hadithi ikaisha.

Dada, miadi yetu sisi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Anapimwa sikio la kushoto, lile lililobaki, ingawa mara sita zilizopita halikuwa limeshuka zaidi. Ya kwenu ni tarehe ngapi?